Mjamzito, njoo kliniki na kile kikopo cha krimu

Mama mmoja wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, alipokuja kliniki akiwa na mimba ya miezi minne, nilimwomba anionyeshe krimu anayopaka usoni. Alisita kidogo, kisha akatoa mkobani kikopo alichonunua kwa mchuuzi River Road. Hakikuwa na jina la kiwanda wala tarehe. Ila pembeni, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, kiliandikwa kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini.

Hapo hapo nikashuku zebaki, kwa sababu ndiyo inayokula madini hayo. Mafuta ya kawaida ya kujipaka hayana ugomvi na pete yako.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi yetu ya asili, ndiyo maana uso hung'aa. Lakini haikai usoni tu. Hupenya hadi kwenye damu, hushambulia figo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma ikamfikia mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Kwenye lebo hujificha kwa majina kama “calomel”, “mercuric” au “Hg”. Kenya imepiga marufuku krimu hizi, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulitaka vipodozi vyote vyenye zebaki viwe vimeondolewa sokoni kufikia 2025. Minamata ni mji wa Japani ambako, miaka ya 1950, zebaki ya kiwandani iliyoingia kwenye samaki iliwalemaza watoto wakiwa bado tumboni, huku baadhi ya mama zao wakionekana wazima kabisa.

Haidrokwinoni, kiambato kingine cha kung'arisha ngozi, na retinoli, ile ya krimu za chunusi na mikunjo, nazo zisubiri ujifungue kwanza.

Naulizwa sana kuhusu jiki. Ukipiga deki kwa jiki iliyozimuliwa kwa maji, dirisha likiwa wazi, sioni shida. Balaa liko chooni, pale mtu anapomimina jiki halafu akaongeza juu yake dawa ya choo yenye asidi ili uchafu utoke haraka. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na kwenye vyoo vyetu vya ploti, ambavyo kidirisha chake kinatazama ukuta wa jirani, gesi hiyo haina pa kwenda. Ukianza kukohoa na macho kuwasha, acha kila kitu utoke nje.

Na dawa ya nywele? Ushahidi kwamba inamdhuru mtoto si mzito. Mimi ningesuka tu, hasa miezi mitatu ya kwanza. Harufu ya saluni isiyo na dirisha inatosha kukuzidishia kichefuchefu.

Yule mama tulimpeleka apimwe mkojo, maana zebaki huonekana humo, na kikopo tukabaki nacho. Wewe ukiwa na chako, kifunge vizuri utuletee. Usikichome na takataka: zebaki ikipata moto huwa mvuke, na majirani wataivuta. Fua pia taulo na foronya, kwa kuwa watoto ulio nao nyumbani hujifutia na kulalia hizo hizo.