Gari la mbio za kujifurahisha: farasi wengi si hoja

Mtu akitafuta gari la bei nafuu la kuanzia mbio za kupanda mlima, au la kukimbiza siku za wazi, yaani siku ambazo uwanja wa mbio hufunguliwa kwa watu wa kawaida na magari yao, huuliza kwanza: lina nguvu za farasi ngapi? Hapo ndipo pesa hupotea. Gari zito lenye injini ya kutisha huuzwa rahisi kwa sababu gharama inakusubiri mbele, kwenye tairi na breki.

Chukua breki tu. Kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 likipunguza kasi kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80, breki zake hupokea joto mara 1.5 ya lile linalopokewa na breki za gari la kilo 1,000. Na kona ni nyingi. Mafuta ya breki ya daraja linaloitwa DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu, unakanyaga pedali inazama hadi sakafuni, na kona ndiyo hiyo imefika.

Ndiyo maana Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989 na farasi wapatao 115 tu, bado inapendwa: ni nyepesi.

Mlimani nguvu husaidia, sikatai. Lakini uzito nao lazima upandishwe.

Ukienda kukagua gari, beba tochi na bisibisi, ulale chini yake. Kutu ikiwa imekula chuma pale sasponsheni (springi na shokomzoba) inapofungwa hadi bisibisi inapenya, liache, hata kama injini inaunguruma kama simba.