Kijiko, plagi ya pikipiki na manyoya ya jogoo: tengeneza chambo bandia nyumbani, ila risasi iache

Mwakeye ndugu zangu. Leo siongelei leseni wala matundu ya nyavu, hayo nimeyaongea mpaka nikipita mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma watu wanajifanya wanasukuma mtumbwi. Leo ni chambo bandia, manake tangu lile fungio la uvuvi Ziwa Tanganyika la 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, vijana wengi walikaa nyumbani mikono haina kazi wakaanza kujitengenezea vifaa vyao wenyewe, na sisi wa ugani wa uvuvi tunaulizwa sana mwaloni.

Juzi nilikuwa Katonga asubuhi, nimekaa ubavuni mwa mtumbwi na mzee mmoja anafunga mshipi wa migebuka. Nimempa shikamoo yake, tunapiga stori, nikaona anachukua kipande bapa cha risasi (ile metali laini na nzito, sio ya bunduki), anakikunja kwenye nailoni alafu anakibana na meno. Meno kabisa, kak! Anatema mate pembeni, anachukua kingine. Nikamwambia baba, hiyo kitu usiweke mdomoni, akacheka, akasema mwanangu mimi nabana hivi kabla hujazaliwa. Nitarudi kwa huyu mzee.

Kwanza chambo chenyewe. Watu wanadhani lazima kifanane na samaki, kina macho na magamba, kumbe samaki anayewinda hana muda huo. Mgebuka anakula dagaa, na katika kundi la dagaa anayeliwa kwanza ni yule anayeyumba, anayeonekana mgonjwa. Ndo kitu alichokigundua mvuvi mmoja wa Finland, Lauri Rapala, miaka ya 1930, akachonga chambo cha gome jepesi, akakivisha karatasi ya kung'aa ya chokleti na kukipaka filamu za picha zilizoyeyushwa kama vanishi. Wapo mnaoita kila chambo cha aina hiyo rapala, jina lilitoka huko. Yaani mtu maskini tu na kisu chake, sio kiwanda.

Kilicho rahisi kwa hapa kwetu ni kijiko. Chukua kijiko cha kulia cha chuma cha pua (omba ruhusa kwanza, usiniletee kesi na mama watoto), kata mpini na msumeno wa chuma, piga tupa kingo zote mpaka kidole kikipita hakikwaruzwi, manake kingo kali inakata nailoni yako mwenyewe. Toboa matundu mawili na drili, moja kila ncha, yasikae pembeni sana chuma kikapasuka, alafu tia pete ndogo za funguo. Uzi ufunge upande mwembamba, ndoano ikae upande mpana. Na ukienda dukani kumbuka hizi ndoano za kawaida namba ikiwa kubwa ndoano ndo ndogo, nimeona kijana amenunua namba 14 akitegemea sangala.

Sasa usiende nayo kilindini moja kwa moja. Simama kwenye maji ya magoti, vuta kama hatua mbili, angalia. Inatakiwa iyumbe kushoto kulia kama mtu katoka kilabuni. Ikizunguka kama feni itasokota uzi wote mpaka uwe kama nywele za mtoto aliyeamka, hapo vuta taratibu zaidi au punguza ule mkunjo, na ikienda imenyooka kama msumari ikunje kidogo zaidi na plaizi. Hii kazi ya kukunja na kujaribu ndo ufundi wote, mi mwenyewe kijiko changu cha kwanza nilikikunja mara saba hivi.

Rangi isikusumbue. Maji ya Tanganyika ni maangavu lakini nyekundu inapotea mapema ukishuka chini, mita chache tu inaanza kuonekana nyeusi, kwahiyo ile rangi ya kucha nyekundu inampendeza mvuvi kuliko samaki. Mng'ao mweupe wa fedha ndo unafanana na dagaa, hasa usiku chini ya taa.

Kwa mshipi wa migebuka wa ndoano nyingi, funga kwenye kila ndoano unyoya mweupe wa jogoo, au nyuzi za kiroba cheupe ulizozichambua zikawa laini, weka kidogo tu, ukijaza sana ndoano inajificha humo na samaki anatema. Acha nafasi ya kutosha kati ya tawi na tawi (kile kiuzi kifupi kinachobeba ndoano) yasikamatane, chini kabisa weka uzito, alafu kazi yako ni kushusha na kunyanyua, shusha nyanyua.

Na hapo kwenye uzito ndo nilipotaka kufika. Asilimia kubwa ya watu mnaotengeneza nyumbani mnavunja betri kuukuu ya gari, mnatoa risasi, mnaiyeyusha kwenye bati au sufuria juu ya jiko la mkaa, uani, watoto wamezunguka wanaangalia. Mi nilifanya hivo nikiwa na miaka kumi na nne na kovu ninalo kwenye kiwiko cha mkono, tulimimina kwenye mchanga ambao haujakauka vizuri, unyevu ukageuka mvuke papo hapo na risasi ikaruka kama mafuta ya maandazi. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327, sio kitu cha kurukia ngozi.

Ila kovu ni dogo. Kubwa ni lile vumbi na moshi na majivu yanayobaki uani. Risasi haiozi, inakaa kwenye udongo miaka na miaka, mtoto anatambaa, anashika chini, anatia mkono mdomoni, inaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na kinachoharibika ni ubongo unaokua, mara nyingi mtoto haumwi tumbo wala homa, anakuwa tu mzito wa kuelewa shuleni na nyie mnasema mvivu. Kwa mama mjamzito inavuka mpaka kwa kichanga tumboni. Sufuria iliyoyeyushia risasi isirudi kupika ugali, hata uisugue na mchanga siku nzima. Uingereza walikataza kuuza vile vipande vidogo vya risasi vya kuvulia 1987, sababu mabata maji makubwa yalikuwa yanavimeza yanakufa.

Betri kuukuu iuze nzima kwa wanaonunua, usiivunje, na humo ndani kuna tindikali pia. Kama vipande unavyo tayari, viweke kwenye kopo lenye kifuniko mbali na watoto, bana na plaizi, nawa kwa sabuni kabla hujashika chakula.

Badala yake nenda gereji ya bodaboda uombe plagi zilizokufa, wanazitupa. Loweka kwenye maji ya sabuni mafuta yatoke, kile kichuma kilichojikunja mbele pitisha waya alafu kigonge kidogo kijifunge. Nati na bolti zinafaa pia. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwahiyo uzito uleule unakuwa mnene karibu mara moja na nusu na mkondo unausukuma zaidi, hilo silifichi.

Wiki iliyofuata nikampelekea yule mzee plagi nne. Akazipima mkononi, akazitazama kama ninamuuzia kuku mgonjwa, akasema nyepesi hizi. Alizifunga lakini. Jumamosi akanitumia mjukuu: babu anasema leta ya tano, mkondo wa huku nje una nguvu.