Presha ya diski ikishuka, si kwamba diski imerudi

Siku hizi hapa Tanga kila anayeumwa kiuno ana "presha ya diski" (diski ni ule mto laini kati ya pingili mbili za uti wa mgongo), na ukikaa barazani Ngamiani humkosi mjuzi wa kukwambia ipo sindano, inashusha presha, diski inarudi mahali pake.

Presha yenyewe ni msukumo wa kiini cha diski, ute mzito uliojaa maji, dhidi ya pete ya nyuzi inayokizunguka. Ukilala hupungua, ukiinama na gunia hupanda. Alf Nachemson wa Sweden aliipima kwa watu hai miaka ya 1960 kwa kuchoma sindano yenye kipimio ndani ya diski. Mashine ya presha ya mkononi haihusiki kabisa.

Linalonikera ni hilo la "kurudi". Kiini hushika maji kwa sababu ya protioglikani, molekuli zinazovuta maji kama sponji. Kimopapaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai kilichotumika kwenye sindano hiyo, huzikatakata. Maji yakitoka, msukumo unashuka, diski inasinyaa, na neva iliyobanwa huweza kupata nafasi. Kimeliwa kitu hapo, hakikurudi. Anayepaka utomvu wa papai bichi kwenye nyama ya mishkaki keshanielewa.

Habari ilianzia kwa sungura. Mwaka 1956 daktari Lewis Thomas, huko Marekani, aliwadunga mshipani papaini, kimeng'enya kingine cha papai. Masikio yao yakalala chapa, kwa kuwa gegedu ilipoteza ugumu wake. Siku chache baadaye yakasimama tena. Daktari wa mifupa Lyman Smith akajiuliza: na diski je? Akadunga kimopapaini kwenye diski za sungura, akakuta kiini kimeyeyuka na pete imebaki. Kuanzia 1963 akawadunga watu. Marekani iliidhinisha dawa hiyo 1982, lakini baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali, wachache wakapooza, na 2003 uuzaji wake huko ukakoma. (Masikio ya sungura kusimama tena hakukuwa ahadi kwa mgongo wa mtu.)

Papai la soko la Mgandini, basi, lile kwa raha zako. Tumboni linameng'enywa na diskini halifiki. Na mjuzi wetu wa barazani asiache kuitaja sindano. Aseme tu kwamba kiini kimepunguzwa, na amwache daktari aamue kama mgongo huo unafaa kupunguzwa.