Michongo ya Kigothiki (mtindo wa Ulaya wa mwisho wa Enzi za Kati) ya makanisani: dhana potofu na ukweli

"Iliachwa mbao tupu, rangi ni nyongeza ya baadaye."

Hakuna dhana iliyoharibu kazi nyingi kama hii. Mabamba na sanamu za madhabahu zilizochongwa Ujerumani na Ubelgiji ya leo, karne ya 15 hadi mwanzoni mwa ya 16, nyingi zilipakwa rangi tangu mwanzo. Mbao ilinyweshwa gundi ya ngozi, zikafuata tabaka kadhaa za chaki iliyokorogwa na gundi, zikasuguliwa hadi zikawa laini. Penye dhahabu palipakwa udongo mwekundu, dhahabu ikalazwa na kung'arishwa kwa jiwe la akiki au jino la mnyama. Karne ya 19 watu waliibandua rangi kwa magadi makali, wakiamini wanaurudisha mchongo kwenye asili yake, kumbe wanafuta nusu ya kazi. Chaki ikishatoka, hairudi.

Zipo kazi zilizoachwa bila rangi kwa makusudi. Mchongaji Mjerumani Tilman Riemenschneider alifanya hivyo kwa madhabahu ya Münnerstadt, mji wa Ujerumani, 1490 hadi 1492. Miaka kama kumi na miwili baadaye, mchongaji mwingine, Veit Stoss, alipewa kazi ya kuipaka rangi madhabahu hiyohiyo.

"Fundi mmoja alifanya yote."

Seremala, mchongaji na mpaka rangi walikuwa mafundi tofauti. Antwerp, mji wa Ubelgiji ya leo, waligonga mihuri kwenye michongo: mkono kwa mbao na uchongaji, ngome kwa rangi. Ukiikuta, usiipake kitu.

"Mbao ngumu ndiyo bora."

Kusini mwa Ujerumani walipenda mti wa lindeni, ambao ni laini na nyuzi zake zimelingana, hivyo bobari (patasi yenye makali ya mviringo) inapita pande zote bila kumegua mikunjo ya nguo. Mwaloni ulitawala Antwerp na Brussels.

"Ufa ni dalili ya fundi mbovu."

Mbao husinyaa zaidi kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kutoka kiini kwenda gome, hivyo gogo zima lazima lipasuke. Ndiyo maana sanamu nyingi zimekombwa mgongoni: kiini kimeondolewa. Ufa mpya kwa kawaida huletwa na hewa iliyokauka ghafla, kwa mfano kanisa linapoanza kupashwa joto. Usiuzibe kwa kitu kigumu; unyevu ukirudi, mbao itavimba, ikose nafasi, na kupasuka kando yake.

"Tundu za wadudu maana yake wamo ndani."

Tandika karatasi nyeusi chini ya mchongo kwa wiki chache za majira ya joto. Unga mpya, mweupe, ukidondoka, wapo. Usimimine mafuta ya taa: huingia chini ya chaki na kuacha madoa. Mwite mhifadhi wa kazi za sanaa, anaweza kuufungia mchongo ndani ya gesi ya naitrojeni kwa wiki kadhaa, wadudu wakafa kwa kukosa oksijeni, rangi isiguswe.