Kuolewa na mgeni hakukuvui uraia wa Uganda

Ujumbe huu huzunguka tena na tena kwenye makundi ya WhatsApp: binti wa Uganda akiolewa na Mzungu au Mhindi, anapoteza uraia, watoto wake ni wageni, na kiwanja chake kinachukuliwa. Si kweli.

Fungua Katiba ya 1995, Ibara ya 10. Mtoto ambaye mmoja wa wazazi, au hata wa mababu na mabibi zake, ni raia wa Uganda kwa kuzaliwa naye ni raia, awe amezaliwa Arua au London. Haijatajwa baba peke yake, wala rangi. Mama anatosha.

Mkanganyiko una chanzo. Kabla ya marekebisho ya 2005, Katiba haikuruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine alipoteza wa Uganda. Kilichomwondolea uraia ni kuchukua uraia wa pili, ndoa haikuhusika. Na kumbukumbu ya Waasia kufukuzwa 1972 bado inawatia wazee wengi hofu, jambo ninalolielewa.

Kuhusu ardhi, asiye raia hupata ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Sharti hilo linamhusu mume mgeni. Kiwanja cha mke kinabaki chake.

Vijana wa Kampala siku hizi wanaoana na watu wa kila asili, na ujumbe kama huu huvuruga posa bure. Ukiupata, usiusambaze, mjibu aliyeutuma kwa kumwekea ibara yenyewe.