Fedha za kukuza uchumi wa jiji hulindwa kabla hazijatoka hazinani

Katika ukaguzi wa fedha za umma, hoja zinazotuumiza zaidi si za wizi. Ni zile ambazo kila hati ipo, kila sahihi iko mahali pake, mlipwaji ni halali, na bado wananchi hawakupata walichoahidiwa. Programu za kukuza uchumi wa miji huzaa hoja nyingi za namna hii.

Jiji humsaidia mwekezaji kwa ruzuku, mkopo nafuu, dhamana, kiwanja cha bei ya chini au msamaha wa kodi. Ruzuku husomeka kwenye bajeti, na diwani anaweza kuihoji. Msamaha wa kodi hujificha, kwa kuwa ni fedha ambayo haikuingia kabisa. Nchini Marekani, ni mwaka 2015 tu ndipo bodi inayoweka viwango vya uhasibu wa serikali ilipotoa kiwango namba 77, kinachozitaka serikali za majimbo na za mitaa zioneshe kwenye hesabu zao mapato yanayoachwa kwa makubaliano hayo. Hata hivyo, zinaruhusiwa kutoa jumla bila kutaja kampuni moja moja. Kwa maoni yangu hapo pamebaki pengo, maana jumla haimwambii mlipakodi nani alisamehewa nini.

Ukaguzi wa kweli huanzia kwenye mkataba. Chukua neno "ajira". Ni ajira mpya, au watumishi waliohamishwa kutoka tawi jingine? Kibarua wa miezi 3 anahesabiwa? Mshahara wa chini ni kiasi gani, na nafasi hiyo idumu miaka mingapi? Mkataba ukisema kampuni "itajitahidi" kuajiri watu 200, jiji halina cha kudai siku wakiajiriwa 40. Neno hilo moja nimelipigania kuliko tarakimu nyingi, kwa sababu mwanasheria wa upande wa pili huwa analijua vizuri sana.

Mfano wa Wisconsin, jimbo la Marekani, unafundisha. Mwaka 2017 jimbo hilo liliahidi Foxconn, kampuni ya Taiwan ya kuunda vifaa vya elektroniki iliyotaka kujenga kiwanda huko, nafuu ya karibu dola bilioni 3, kampuni nayo ikataja ajira hadi 13,000. Sehemu kubwa ya nafuu ya jimbo ilifungwa kwenye matokeo: kwanza waajiri na wawekeze, ndipo walipwe. Malengo yalipokwama, jimbo halikulipa, na mwaka 2021 mkataba ukaandikwa upya kwa nafuu isiyozidi dola milioni 80 na ajira 1,454. Serikali za mitaa za eneo la mradi zilikuwa kwenye hali tofauti, kwani zilishakopa na kutumia fedha nyingi kwa ardhi na miundombinu kabla ya kiwanda kusimama. Kinga yao ilikuwa kipengele kilichoitaka kampuni ilipe kodi ya mali kwa thamani ya chini iliyokubaliwa, hata kama majengo hayatafikia thamani hiyo. Mradi ni uleule, lakini aliyesubiri matokeo alilala usingizi, na aliyetangulia kulipa alibaki na deni.

Ndiyo maana siamini sana kipengele cha kurejesha fedha, yaani kampuni irudishe ilichopewa ikishindwa kutimiza ahadi, kikiachwa peke yake. Kiandikwe, ndiyo. Ila kampuni iliyofilisika haina cha kurejesha, na iliyo hai hutishia kuhama, viongozi wakarudi nyuma. Kulipa kwa awamu, kila awamu baada ya uthibitisho, hulinda zaidi.

Na nani athibitishe? Si idara iliyomleta mwekezaji, maana sifa yake imefungamana na mradi huo. Mkaguzi wa ndani apewe haki, ndani ya mkataba wenyewe, ya kuona orodha ya mishahara na michango ya hifadhi ya jamii. Taarifa ya kampuni yenyewe kwamba "lengo limefikiwa" ni madai tu hadi ilinganishwe na nyaraka hizo.

Mwananchi ana nafasi yake pia, na wakati wake ni kabla ya baraza la madiwani kupiga kura. Omba rasimu ya mkataba pamoja na viambatisho, kwa kuwa tafsiri ya "ajira" na ratiba ya malipo mara nyingi huwekwa huko nyuma. Kisha muulize diwani wako maswali mawili: tunalipa lini, na ni nani atakayehesabu?