Umekufa Nyuma ya Ukuta? Hiyo Si Lagi

Juzi tulikuwa kikosi cha watu wanne kwenye gemu la vita, nikaamua kimyakimya kuhesabu neno "lagi" litatajwa mara ngapi. Mechi ya pili haijaisha nikaacha kuhesabu. Mmoja alirusha guruneti, likagonga mlango na kumrudia miguuni: lagi. Wa pili kompyuta yake ilipata joto hadi picha zikaanza kukatakata: lagi. Wa tatu alifufuliwa uwanjani akakuta mtutu wa adui unamsubiri hatua tano mbele yake: lagi, tena kwa kiapo. Mimi nikakimbilia nyuma ya ukuta wa zege, nikapiga hatua mbili nikiwa nimeshafichika kabisa, nikaanguka. Kabla sijafungua mdomo wenzangu wakanijibia: "Pole, lagi hiyo."

Jamani, hapana. Kati ya visa hivyo vinne hakuna hata kimoja kilichohitaji neno hilo. Na hicho cha kwangu ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu mtandao ulikuwa umetulia na kila kitu kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa.

Lagi ni muda unaopita kati ya kitendo chako na matokeo yake kuonekana, kwa sababu taarifa inasafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mechi, na jibu linasafiri kurudi. Basi. Ukifyatua na adui akatikisika nusu sekunde baadaye, hiyo ni lagi. Ukikimbia kisha ukarudishwa ulipotoka kana kwamba umefungwa kamba kiunoni, hiyo pia ni lagi. Picha zikikatika kwa sababu kifaa kimeshindwa kuchora fremu za kutosha, hilo ni tatizo la kifaa, na lingekukuta hata ukicheza peke yako umezima intaneti. Kufufuliwa mbele ya bunduki ni uzembe wa aliyepanga sehemu za kufufukia. La guruneti nitalirudia.

Neno lenyewe sina ugomvi nalo. Kwa Kiingereza ni kubaki nyuma wenzako wakisonga, na Kiswahili kimelipokea vizuri: inalagi, ililagi, isilagi. Wako wanaolicheka kwa kuwa haliishii na -a kama vitenzi vya asili. Hao hao husema kufikiri, kusafiri na kusamehe kutwa nzima bila kujiuliza hizo irabu za mwisho zilitoka wapi. Tulivyoyapokea ya Kiarabu ndivyo tunavyolipokea hili.

Ninayemtetea ni ndugu yake, pingi. Huyu ameonewa. Utamsikia mtu akisema "leo nina pingi", kama anayesema leo nina mafua. Kila aliye mtandaoni ana pingi, hata yule aliyekaa chumba kimoja na seva. Pingi ni kipimo cha muda huo wa kwenda na kurudi. Kipimajoto hakiwi homa.

Historia yake inapendeza, hasa kwa sisi wapenda gemu za kijeshi. Disemba 1983, Mike Muuss, mtaalamu wa kompyuta katika maabara ya balistiki ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, alikuwa akihangaika na mtandao uliokuwa ukifanya vituko. Akaandika programu ndogo ya kutuma ujumbe kwa kompyuta nyingine na kupima muda wa jibu kurudi. Akaiita ping, kwa mlio wa sona: nyambizi hupiga mlio majini, husikiliza mwangwi, na kutokana na muda wa mwangwi hujua kitu kiko umbali gani. Utawasikia wajuaji wakidai kwamba PING ni kifupisho cha maneno matatu ya Kiingereza. Maneno hayo yalitungwa baadaye ili yaenee kwenye herufi zilizokuwapo. Muuss mwenyewe alieleza kwamba alikusudia mlio wa sona, na sioni sababu ya kumbishia mwenye mtoto kuhusu jina la mtoto.

Kwa hiyo neno lilizaliwa katika maabara ya jeshi inayochunguza mwendo wa risasi, likaazima sauti ya nyambizi, na leo linakaa pembeni mwa kioo chako unapopigana vita vya kuigiza. Mwangwi ndio ufunguo wake: namba unayoiona ni ya kwenda na kurudi. Pingi ya 80 maana yake ni takriban milisekunde 40, yaani sehemu 40 za elfu za sekunde, kwenda na 40 kurudi.

Tena kipimo hiki kina sakafu ambayo hakuna kifurushi cha intaneti kitakachoivunja. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 8,000 kutoka ulipo, safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 16,000, yaani milisekunde 80 hata kama nyaya zingenyooka kama rula, na hazinyooki. Kwa hiyo ukiona pingi kubwa usikimbilie kuwalaumu wanaokuuzia intaneti. Kuna mtu aliyeamua seva ziwekwe wapi, na mwingine aliyeamua kwamba mfumo wa kupanga wapinzani ukikosa watu wa kiwango chako hapo karibu, ukupeleke ng'ambo ya bahari.

Sasa turudi kwenye ukuta wangu. Tuseme pingi yangu ni 40 na ya aliyeniua ni 120. Ninapojificha, habari hiyo inafika kwenye seva baada ya milisekunde 20, kisha inachukua 60 zaidi kumfikia yeye. Hivyo kwa milisekunde 80 nzima, kwenye kioo chake bado nipo nje, kifua wazi. Anafyatua mwishoni kabisa mwa muda huo. Risasi yake inachukua 60 kufika kwenye seva, na uamuzi unachukua 20 kunifikia mimi. Jumla ni 160. Mwanajeshi anayekimbia mita 6 kwa sekunde anakuwa amekwenda karibu mita nzima ndani ya muda huo. Hizo ndizo hatua zangu mbili. Na hapo sijaweka akiba ya muda ambayo magemu mengi huongeza makusudi ili mwendo wa wenzako uonekane laini.

Lakini risasi ilipofika kwenye seva, si nilikuwa nimeshajificha? Nilikuwa. Seva ilijua hivyo. Ilichofanya ni kurudisha wakati nyuma: ilikokotoa mpigaji alikuwa anaona nini alipobonyeza kitufe, ikaniweka tena pale nilipokuwa, ikapima, ikakuta risasi imenigonga, ikamwandikia alama. Hilo linaitwa fidia ya lagi, na ni kinyume cha lagi kama vile kiraka ni kinyume cha tundu. Lagi huitengenezi, unaikuta. Fidia mtu alikaa akaiandika.

Na sababu alikuwa nayo. Gemu la kufyatuliana la Quake lilipotoka 1996, aliyecheza kupitia intaneti alibonyeza kitufe cha kutembea kisha akangoja ruhusa ya seva ndipo asogee. John Carmack, mwandishi wa programu wa Quake, akalitibu hilo mwaka huohuo kwa QuakeWorld, toleo lake la intaneti, akiiachia kompyuta ya mchezaji ikisie mwendo wake yenyewe bila kusubiri. Bunduki zikabaki na shida: ulilazimika kulenga mbele ya adui, ukikadiria pingi yako kichwani, kama mwindaji anayemlenga ndege angani. Ndipo gemu la Half-Life likaleta mbinu ya kurudisha wakati nyuma. Mwaka 2001 Yahn Bernier wa Valve, kampuni iliyotengeneza Half-Life, aliifafanua hadharani, na hakuficha kwamba aliyekwisha kujificha anaweza kupigwa. Waliona afadhali anayelenga vizuri apate haki yake, hata kama anayekimbia ataona maajabu mara mojamoja. Ni chaguo, na mimi mwenyewe silipingi. Nikiwa upande wa bunduki hulifurahia sana.

Ninachopinga ni kuliita ajali, kwa sababu ajali haina mwenyewe, na chaguo lina mwenyewe. Seva irudishe wakati nyuma hadi wapi? Mwenye pingi ya 300 apewe fidia yote, au ifike mahali aambiwe alenge mbele ya adui kama wazee wake? Hayo hupangwa na watu mezani. Vivyo hivyo mapigo ya seva, yaani mara ngapi kwa sekunde inapiga hesabu ya dunia na kuwatumia wachezaji taarifa. Mapigo 64, ambayo mechi rasmi za Counter-Strike: Global Offensive zilitumia, ni taarifa kila milisekunde 15.6. Valorant ya 2020 ilikuja na 128, yaani 7.8. Battlefield 4 ilipotoka 2013, taarifa ziliwafikia wachezaji mara 10 tu kwa sekunde, moja kila milisekunde 100, kabla ya kuongezwa baadaye.

Changanya hapo bunduki ya gemu la kijeshi inayotema risasi 900 kwa dakika. Hizo ni 15 kwa sekunde, risasi moja kila milisekunde 67. Ikiwa nne zinatosha kuua, kutoka ya kwanza hadi ya nne ni milisekunde 200. Aliyeua ameona mapambano: risasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Aliyeuawa, taarifa zikimjia kila milisekunde 100, ameletewa risasi nyingine zikiwa zimefungwa pamoja kama kuni, mizigo miwili au mitatu, ameshakufa. Atasema ameuawa kwa risasi mbili au tatu, na kwa alichokiona wala hasemi uongo. Pingi yake inaweza kuwa 25 wakati huo.

Kwa hiyo wenzangu wa kikosi, naomba tu tugawane lawama kwa haki. Kabla ya kusema lagi, tupa jicho kwenye namba ya pingi. Ikiwa imeruka kutoka 40 hadi 400, sema lagi kwa moyo wote, nitakuitikia. Ikiwa imetulia na umekufa nyuma ya ukuta, sema "wamenirudisha", maana ndicho walichofanya hasa: wamekurudisha nje ya ukuta wakakupiga. Picha zikikatika, punguza michoro au safisha feni. Ukifufuliwa mdomoni mwa bunduki, mlaumu aliyechora ramani.

Na wewe wa guruneti, ndugu yangu, nilikuwa nyuma yako. Mlango ulikuwa umefungwa.